Zabuni za jeshi: Mkulima wa Dodoma asibaki mtazamaji

Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Kwa mkulima na mfanyabiashara mdogo wa Dodoma, tatizo ni kwamba hata fimbo ya karibu bado hajaishika. Kaskazini mwa jiji ipo kambi ya JKT Makutupora. Mpwapwa nako ipo kambi ya JKT. Kikombo, ambako mwaka 2019 Rais John Magufuli aliweka jiwe la msingi la Makao Makuu ya Ulinzi, ni hapa hapa ndani ya jiji. Ongeza Gereza la Isanga, hospitali na shule za bweni. Huko kote kuna watu wanaokula kila siku, mvua inyeshe isinyeshe.

Hata hivyo, ukimuuliza mwanakijiji anayelima mahindi, mtama, karanga na alizeti kilometa chache kutoka kwenye kambi hizo kama amewahi kuomba zabuni, jibu ni moja: "Tenda za jeshi zina wenyewe." Jibu hilo nimelisikia Kongwa, Bahi, Chamwino na hata Manyoni. Sipingi kwamba lina ukweli ndani yake. Ninachosema katika makala haya ni kwamba zabuni nyingi za aina hii hatunyang'anywi siku ya kufungua bahasha. Tunazipoteza miezi sita kabla, kwa kukosa karatasi, kukosa ghala na kukosa mtaji wa kungojea malipo. Mawili ya kwanza yako mikononi mwetu. La tatu liko kwa Serikali, na ni lazima tuliseme.

Siyo kila kitu cha jeshi ni siri

Tuanze na woga. Wengi wetu tukisikia neno jeshi tunafikiria silaha, na kwamba kuuliza habari za ununuzi wake ni kujitafutia matatizo. Ni kweli kwamba yapo mahitaji ya ulinzi ambayo hayatangazwi na hayapaswi kutangazwa. Lakini Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2011 iliweka utaratibu wa vyombo vya ulinzi na usalama kuwa na orodha mbili: moja ya vitu vinavyonunuliwa kwa utaratibu wenye mipaka, na nyingine ya vitu vinavyonunuliwa kwa ushindani wa wazi kama ilivyo kwa taasisi nyingine. Unga, karanga, mafuta ya kula, sabuni na madawati ni bidhaa za kawaida. Kilo ya karanga haigeuki kuwa siri ya nchi kwa sababu imepikiwa kambini.

Mkulima asiende getini na gunia akitafuta mnunuzi, na wala asianze kuuliza kambi ina askari wangapi ili apige hesabu ya unga. Hayo siyo yake. Kilicho chake ni tangazo la zabuni, ambalo linaeleza kiasi kinachotakiwa, ubora, mahali pa kupeleka na siku ya mwisho.

Tangazo liko wapi siku hizi

Zamani ilibidi ununue gazeti, kisha usafiri kwenda kununua makabrasha ya zabuni na kuyarudisha ndani ya bahasha iliyofungwa kwa lakiri. Mambo yamebadilika. Kuanzia mwaka 2023 Serikali imehamishia ununuzi wake kwenye mfumo wa kielektroniki uitwao NeST, unaosimamiwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Ununuzi wa Umma, PPRA. Sheria mpya ya mwaka 2023 na Kanuni zake za mwaka 2024 zimeufanya mfumo huo kuwa ndiyo mlango wa kuingilia. Mzabuni anajisajili humo, anachagua aina ya biashara anayofanya, anaona matangazo na anatuma maombi yake humo humo.

Kwa mtu wa kijijini hili lina faida na hasara. Faida ni kwamba nauli ya kwenda na kurudi mjini imepungua, na karani wa mapokezi hawezi tena kukwambia makabrasha yamekwisha. Hasara ni kwamba asiye na simu ya kisasa wala mtandao ameachwa nyuma. Dawa yake ni kikundi. Katika kikundi cha watu 15 hakikosi kijana mmoja aliyemaliza sekondari anayeweza kushika kazi hiyo, na akalipwa kwayo.

Kabla ya kufika huko kuna vitu vya lazima: namba ya mlipakodi, leseni ya biashara, usajili wa jina la biashara au kampuni BRELA, au usajili wa kikundi au ushirika kwa mamlaka inayohusika, pamoja na uthibitisho kwamba hudaiwi kodi. Kwa bidhaa iliyosindikwa kama unga na mafuta, andaa pia alama ya ubora ya TBS. Msindikaji mdogo aanzie ofisi ya SIDO ya mkoa, kwa sababu SIDO ndiyo inayomtambulisha TBS na kumwelekeza hatua kwa hatua.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui ni fungu la makundi maalumu. Sheria inazitaka taasisi za umma kutenga asilimia 30 ya ununuzi wao wa mwaka kwa vikundi vya wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Wenzetu wa Kenya wana utaratibu unaofanana na huu tangu mwaka 2013. Kikundi kinachotaka kuingia hapo kimwone Afisa Maendeleo ya Jamii wa halmashauri, ambaye pia ndiye anayehusika na mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024.

Tahadhari moja hapa. Matapeli wanafahamu njaa yetu ya tenda. Mtu atakupigia simu akijiita afisa wa jeshi, akueleze kwamba kambi inahitaji mbuzi 200 kwa haraka, kisha akuombe fedha ya "usajili" au "kufungua faili". Zabuni haitolewi kwa simu, wala haisajiliwi kwa kumtumia mtu fedha kwenye namba yake. Ukisikia hivyo, kata simu.

Kalenda mbili zisizokutana

Sasa tuje kwenye shamba. Mkulima wa nyanda za kati anaishi kwa kalenda ya mvua: anapanda Desemba, anavuna kati ya Mei na Julai. Serikali inaishi kwa kalenda ya bajeti: Bunge linakaa hapa hapa Dodoma kuanzia Aprili hadi Juni, na mwaka mpya wa fedha unaanza Julai Mosi. Ukizitazama vizuri utaona kalenda hizi mbili zimepangana kama vile zilikubaliana. Wakati Serikali inaanza kutumia bajeti mpya ndiyo wakati mahindi yamefika sokoni Kibaigwa, na bei iko chini.

Lakini tunafanya nini? Mwezi Juni na Julai mkulima anauza karibu kila kitu ili alipe madeni, ada na harusi. Anayenunua ni mwenye ghala. Mwezi Januari bei inapopanda, mwenye ghala ndiye mwenye mzigo wa kupeleka taasisini, na mkulima anarudi kununua unga wa kiroba dukani. Mzabuni anayeshinda, mara nyingi, ni yule aliyenunua mavuno yetu wakati wa bei ya chini akayahifadhi.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba kikundi kisome mpango wa ununuzi wa mwaka wa taasisi za jirani kabla ya msimu wa kupanda, na wakati wa mavuno kila mwanachama aweke gunia mbili au tatu kwenye ghala la pamoja. Hizo zisiguswe kwa harusi wala kwa ada.

Aidha, kabla ya kupanda kwa ajili ya kambi, tukumbuke kwamba JKT lenyewe ni mkulima, na limekuwa likitekeleza mkakati wa kuzalisha chakula cha kulisha vijana wake. Magereza nao wanalima. Si busara kupanda ekari 20 za mahindi kwa kutegemea mteja ambaye ana shamba kubwa kuliko lako. Soma kwanza wanatangaza nini. Huenda soko likawa kwenye mafuta ya alizeti, karanga, mboga mbichi au nyama kuliko kwenye mahindi. Na aliyezoea tenda ya kuni na mkaa atafute biashara nyingine mapema, maana kuanzia mwaka 2024 Serikali imezitaka taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziachane na nishati hiyo.

Kilo, unyevu na sumukuvu

Miaka michache iliyopita nilikisaidia kikundi kimoja cha akina mama wilayani Kongwa kuomba zabuni ya unga wa dona katika taasisi moja ya umma. Mahindi walikuwa nayo, mashine ya kusaga walikuwa nayo. Tulishindwa hatua ya kwanza kabisa. Bei tuliandika kwa gunia wakati jedwali liliomba bei ya kilo, na uthibitisho wa kodi ulikuwa umepitwa na muda kwa siku chache. Makosa yale yalikuwa yangu mimi niliyesoma, kwa sababu kazi ya kuhakiki karatasi nilipewa mimi. Mwenyekiti wao, mama wa makamo, aliniambia kwa upole: "Mwanangu, chakula tulikuwa nacho. Karatasi ndiyo hatukuwa nayo."

Nalisimulia hili ili msomaji aone kwamba bei nzuri pekee haitoshi. Sisi tumezoea debe, gunia na ile lumbesa inayotunyonya sokoni. Zabuni inazungumza kilo. Nunueni mzani uliohakikiwa na Wakala wa Vipimo, na kila kitu kipimwe kuanzia siku kinapoingia ghalani.

La pili ni unyevu. Viwango vya Afrika Mashariki vinataka mahindi yasizidi unyevu wa asilimia 13.5. Kupima kwa kung'ata punje kwa meno, kama walivyofanya wazee wetu, hakutakutetea mbele ya mkaguzi mwenye kipimo. La tatu, na ndilo zito kuliko yote, ni sumukuvu. Mwaka 2016 ugonjwa unaotokana na sumu hiyo uliwapata watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na takriban 20 walifariki dunia. Walikula mahindi ya nyumbani kwao. Fikiria sasa mzigo wa namna hiyo ukipelekwa kwenye sufuria linalolisha vijana mia kadhaa kwa mara moja. Kiwango kinachoruhusiwa ni kidogo mno, sehemu 10 tu katika bilioni moja, na macho hayawezi kukiona. Kinga yake ni kukausha juu ya turubai badala ya ardhini, kuchambua punje zilizooza na karanga zilizosinyaa, na kuhifadhi juu ya mbao kwenye ghala lisilovuja.

Tupige hesabu

Mwaka uliofuata akina mama wale walijaribu tena, karatasi zikiwa kamili, na wakapata. Walipeleka mzigo kwa wakati na ukapokelewa bila dosari. Malipo yalikuja baada ya miezi mitano. Katika miezi hiyo mweka hazina aliuza mbuzi wake wanne kulipa riba ya mkopo, na wanachama watatu walijitoa wakidai wenzao wamekula fedha.

Ili tuelewe kilichotokea, tuchukue mfano wa hesabu. Bei ni za mfano tu, kila mmoja aweke za kwake. Kikundi kimepata zabuni ya tani 10 za dona kwa Sh1,000 kwa kilo, jumla Sh10,000,000. Mahindi kilo 10,500 kwa Sh700 ni Sh7,350,000. Kusaga kwa Sh60 kwa kilo ni Sh630,000. Viroba 400 vya kilo 25 kwa Sh800 ni Sh320,000. Usafiri Sh400,000. Gharama zote ni Sh8,700,000, na kinachobaki ni Sh1,300,000. Serikali inapolipa inakata kodi ya zuio asilimia 2, yaani Sh200,000. Fedha hiyo haijapotea, itahesabiwa kwenye kodi yako, ila siku hiyo haimo mfukoni. Zimebaki Sh1,100,000.

Sasa tuseme zile Sh8,700,000 zilikopwa kwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi, ambayo ni Sh261,000. Ukilipwa ndani ya mwezi mmoja unabaki na Sh839,000. Ukilipwa baada ya miezi minne unabaki na Sh56,000, ambayo haitoshi hata posho ya kikao kimoja cha kikundi. Ukilipwa baada ya miezi mitano umepoteza Sh205,000. Unga ni ule ule, bei ni ile ile, na hakuna aliyeiba. Kilichokula faida ni kalenda.

Funzo la kwanza kwa mzabuni ni kwamba asiombe zabuni inayozidi uwezo wake wa kungoja. Ni afadhali kuomba fungu la tani mbili kwa mtaji wa kikundi kuliko tani 10 kwa fedha ya mkopeshaji. Mkataba ukisainiwa, ulizia benki kama inakopesha kwa kutumia hati ya oda, ile LPO, na ulinganishe riba kabla ya kukimbilia mkopo wa mtaani. Hati ya kupokelea mzigo isainiwe siku ile ile, na ankara ipelekwe bila kuchelewa, kwa sababu malipo hayaanzi kufuatiliwa mpaka karatasi hiyo ifike.

Funzo la pili ni haki ya kulalamika. Mzabuni anayeona ameenguliwa kinyume cha taratibu anaanza kwa kuandika kwa Afisa Masuuli wa taasisi husika, na asiporidhika anakwenda Mamlaka ya Rufani ya Zabuni za Umma, PPAA. Siku za kufanya hivyo ni chache sana, hivyo barua ya matokeo isomwe siku inapofika. Kulalamika kwa utaratibu siyo ugomvi.

Serikali nayo itimize wajibu wake

Haitoshi kumwambia mkulima ajisajili, akaushe na apime. Mnunuzi naye ana wajibu. Asilimia 30 iliyotengwa kwa makundi maalumu haina maana kama zabuni yenyewe inatangazwa kwa wingi ambao hakuna kikundi kinachoweza kuubeba. Zabuni ya chakula cha mwaka mzima inaweza kugawanywa katika mafungu madogo, ya miezi mitatu mitatu au ya bidhaa moja moja, bila kuvunja sheria ilimradi ushindani ubaki.

Brazil walilipitia jambo hili. Walianza mwaka 2003 na mpango wa Serikali kununua mazao ya wakulima wadogo. Mwaka 2012 walifungua utaratibu wa taasisi za umma kununua moja kwa moja kwa wakulima hao. Kisha mwaka 2015 ikatolewa amri kwamba taasisi za serikali kuu zinazonunua chakula, majeshi yakiwemo, zitenge angalau asilimia 30 ya fedha hizo kwa mazao ya kilimo cha familia. Sisi asilimia yetu inaangalia mzabuni ni nani: mwanamke, kijana, mzee au mtu mwenye ulemavu. Haiulizi chakula kimelimwa na nani. Kikundi cha vijana kinaweza kushinda zabuni kwa unga walionunua kwa tajiri, na mkulima wa Mpwapwa asipate hata shilingi. Naona wakati umefika wa kuongeza swali hilo la pili.

La mwisho ni malipo. Serikali ikichelewa kumlipa mkandarasi mkubwa, anakwenda benki. Ikichelewa kumlipa mama wa Kongwa, anauza mbuzi. Zabuni za makundi maalumu zilipwe kwanza, ndani ya siku 30, na kila taasisi itangaze hadharani inadaiwa kiasi gani na kwa muda gani. Mfumo unaoweza kupokea zabuni kwa njia ya elektroniki unashindwaje kuonyesha ankara imekwama kwenye meza ipi?

Kwa mkulima na mfanyabiashara anayesoma makala haya, kazi ya wiki hii ni ndogo. Kaeni kikao. Chagueni kijana wa kushika NeST, na mweka kumbukumbu wa kuangalia tarehe za leseni na uthibitisho wa kodi. Kagueni bati la ghala kabla ya mvua. Kisha ombeni zabuni moja ndogo, ambayo hata ikicheleweshwa haitauza mbuzi wa mtu.

Akina mama wale wa Kongwa bado wapo. Wamebaki 12, wameacha kukopa kwa riba, na wanaomba mafungu madogo tu. Mwenyekiti anasema ghala lao sasa halivuji. Anachosubiri ni malipo ya mzigo wa mwisho.